Kabla hujanunua ule waya wa umeme

Forest ya Zamani, Mbeya
9 Machi

Kamwene, Baba Neema,

Sisi huku hatujambo, ni mvua tu na baridi yake. Nimefurahi sana kusikia ampilifaya, ile mashine ya kukuza sauti, imefika salama huko Gangilonga, Iringa. Ila lile uliloligusia mwishoni, waya wa umeme wa laki tisa wa kuichomeka ukutani, ndilo limenifanya nikuandikie leo hii. Hiyo hela usiitume kwanza.

Muuzaji amekuambia waya huo unasafisha umeme na kuifanya besi iwe nzito zaidi. Umeme wa ukutani hauendi kwenye spika, ndugu yangu. Unaingia kwenye transfoma unashushwa, daiodi zinaugeuza uende upande mmoja, kisha unajazwa kwenye zile kapasita mbili nene ulizoziona ulipofungua kifuniko. Sauti inatengenezwa kutokana na akiba iliyomo humo. Kazi ya waya ni kuijaza akiba hiyo, mara 100 kila sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50, basi.

Sasa chukua waya wa kawaida uliokuja na mashine. Ukiwa wa shaba halisi, unene wa milimita za mraba 1.5 na urefu wa mita 2, ukinzani wake kwenda na kurudi ni kama omu 0.046. Mashine ikivuta ampea 2 unapoteza chini ya volti 0.1 kati ya 230. Hata besi ikigonga na mashine ikavuta ampea 10 kwa mpigo, ni nusu volti. Na wewe mwenyewe umeniambia jioni, majiko yakiwashwa na fundi wa kuchomelea akiwa kazini, umeme wako unashuka hadi 190. Volti 40 zimepotelea njiani, kwenye nyaya za aluminiamu za nguzoni, transfoma ya mtaa na nyaya za ukutani. Waya wa mita 2 utazirudisha kwa njia gani?

Hiyo haina maana kwamba waya wowote unafaa. Kuna nyaya zinauzwa kwa jina la shaba na si shaba. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja taratibu: ukikuta weupe chini ya ule wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya zaidi, inakatika ikikunjwakunjwa, na kwenye skrubu ya plagi inalegea kila ikipata moto. Na plagi yenyewe ifungue uitazame. Majuzi nilifungua ya jirani, mahali pa fyuzi ya ampea 13 nikakuta kijiti cha waya, na jino moja limeshakuwa la kahawia kwa joto. Plagi ya namna hiyo inaunguza nyumba.

Jambo ambalo waya wa umeme unalifanya kweli, na sikio linalisikia bila ubishi, ni mvumo kwenye santuri. Sindano ya kawaida inatoa kama milivolti 5 tu, kwa hiyo hata uchafu mdogo unaoingia hapo unakuzwa pamoja na muziki. Weka sindano juu bila kucheza kitu, ongeza sauti, kisha ushike waya wa umeme wa ampilifaya uusogeze kidogo kidogo mbali na ule mwembamba unaotoka kwenye santuri. Kwangu mvumo ulipungua mkono ukiwa bado kwenye waya. Pasipo nafasi, zipishanishe kama msalaba, usizilaze sambamba. Waya wenye wavu wa kinga ndani unasaidia pia hapo, lakini si lazima uwe wa laki tisa.

Mvumo ukibaki, chomoa kebo ya king'amuzi. Dishi likiwa na ethi yake, yaani waya wa kwenda ardhini, na ampilifaya ina ya kwake, umeme mdogo unazunguka kati yao kupitia kebo za sauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja nzuri. Usikubali fundi akukatie waya wa ethi ili mvumo uishe! Utaisha kweli, lakini siku waya wa laivu, ule wenye umeme, ukigusa chuma cha nje cha mashine, atakayeishika kwanza ni Neema.

Tena hiyo ethi yenyewe naiomba uipime. Kiangazi udongo wa kwenu unakauka sana, na fimbo yake ya chuma ikiwa fupi na imepigwa juujuu ardhini inakuwa haina kazi. Mwite fundi mwenye kipimo, sio wa kukisia kwa taa. Akiwa hapo akaze nyutro kwenye meni swichi, na soketi isiyobana plagi aibadilishe. Na ile inveta ya bei rahisi, ya kugeuza umeme wa betri, usiitumie kwa ampilifaya, maana mawimbi yake ni ya ngazi ngazi, ndiyo sababu transfoma inanguruma umeme ukikatika.

Najua utaniambia ulimsikia rafiki yako wa Dar akiapa kwamba waya ulibadilisha kila kitu. Simwiti mwongo. Ukichomoa plagi iliyokaa miaka na kuchomeka nyingine, meno yanasuguana na kutu inatoka, kwa hiyo huenda kweli kulikuwa na nafuu. Angerudisha waya wake wa zamani angeipata nafuu ileile bure. Halafu mtu akishatoa laki tisa, masikio yanasikiliza kwa bidii mpya.

Kwa hiyo mwombe muuzaji akuazime kwa wiki moja. Mama Neema akae nyuma ya kabati abadilishe au asibadilishe anavyotaka, bila kukuambia, nawe uandike unachosikia. Mara kumi, wimbo uleule, sauti ileile. Ukipatia tisa au kumi, nunua, na mimi nitakuja Iringa nisikilize. Akikataa kukuazima, hela itoshe fundi wa ethi, soketi mpya na stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, yenye uwezo wa mashine yako, na radi ikianza chomoa kila kitu, hata antena.

Nitumie picha ya nyuma ya ampilifaya, pale panapoonyesha wati, nikutafutie stabilaiza hapa mjini.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako,
Ambakisye