Wa mwisho kilimani naye apumzike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nimjibu mwenzangu aliyeandika kwamba klabu za baiskeli za huku Uingereza zinawadekeza wazembe kwa kuwasubiri juu ya kila mlima, na kwamba asiyemudu kasi ya wenzake abaki nyumbani afanye mazoezi hadi awe tayari. Mimi ni mkazi wa Sheffield na mwanachama wa klabu inayopanda milima ya Peak District, na maoni yangu ni kinyume kabisa na yake: kusubiriana kwetu bado hakutoshi.

Matembezi ya klabu ya siku nzima si mashindano. Clarion, mojawapo ya klabu kongwe za nchi hii, ilianzishwa Birmingham mwaka 1894 na wasomaji wa gazeti la kijamaa lenye jina hilohilo, watu waliotaka kutoka mjini pamoja siku ya mapumziko na kurudi pamoja. Anayetaka kushindana na saa anayo mashindano yake, na hakuna anayemzuia.

Njia tuliyoizoea hutoka Sheffield kupitia Ringinglow, huvuka nyika ya Burbage, huteremka hadi Hathersage, kisha hufuata bonde la Hope mpaka Castleton. Hadi hapo tunakwenda kundi moja, wawili wawili panaporuhusu, na anayeona shimo au kondoo barabarani hupaza sauti ili wa nyuma wasikie. Mambo hubadilika tukifika Winnats Pass, korongo la mawe ya chokaa lenye urefu wa kama kilomita moja na nusu, ambalo mwinuko wake mahali pengine unapita asilimia 20. Barabara iliyokuwa nafuu, ile ya ubavuni mwa mlima wa Mam Tor, ilishindikana kwa sababu ya maporomoko ya ardhi ikafungwa kwa magari mwaka 1979, na tangu hapo magari na baiskeli hubanana korongoni. Hakuna awezaye kupanda hapo kwa mwendo wa mwenzake. Aliyechoka hubaki na gia nyepesi kuliko zote, gurudumu la mbele likiyumba huku na huku, na akisimama mara moja tu hulazimika kusukuma, kwa maana kuondoka upya kwenye mwinuko wa namna ile ni vigumu mno.

Sasa tuangalie yanayotokea juu. Wa kwanza akifika hunywa maji, hula ndizi yake, huvaa koti na kuzungumza na wenzake kwa muda mrefu. Wa mwisho hufika akihema, na kabla hajafungua kifuniko cha chupa husikia kiongozi akisema, “Haya, tumetimia, twendeni.” Kwa hiyo aliyetumia nguvu nyingi zaidi ndiye anayepumzika kidogo zaidi, na hali hiyo hujirudia kwenye kila mlima hadi jioni. Kumwita mzembe mtu aliyenyimwa mapumziko ambayo wenzake wote wameyapata ni kumwonea. Ninachopendekeza ni kitu chepesi: kiongozi aanze kuhesabu dakika kumi za mapumziko tangu wa mwisho anapoweka mguu chini, si tangu wa kwanza alipofika.

Nimeshaambiwa kwamba wa mbele watapata baridi. Ni kweli upepo wa juu ya Winnats ni mkali, na jasho likipoa mwilini mtu hutetemeka. Lakini nyanda zile zimejaa kuta za mawe, nyeupe upande wa chokaa na nyeusinyeusi upande wa Burbage, na kusogea nyuma ya ukuta kunatosha kabisa kwa mwenye koti la upepo.

Jambo linalonigusa zaidi ni usalama. Kanuni za barabara za Uingereza, zilivyorekebishwa Januari 2022, zinamtaka dereva aache walau mita moja na nusu anapompita mwendesha baiskeli kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa. Nafasi hiyo anaihitaji zaidi yule anayeyumba peke yake nyuma ya kundi. Ndiyo maana klabu makini huweka mtu mzoefu wa kushika mkia, mwenye pampu na tyubu za akiba, ambaye hapandi mbele ya aliyechoka hata mara moja. Walio bora katika kazi hiyo huongea kidogo sana, na hawamdanganyi mtu kwamba mlima umekaribia kwisha.

Inabaki hoja ya muda, nayo ina uzito. Kutoka Winnats tunapita Tideswell, Monsal Head na Hassop, na baada ya Grindleford bado kuna mlima mrefu wa msituni kabla ya kuiona Sheffield. Mwishoni mwa Oktoba, saa zikisharudishwa nyuma, jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Siku za namna hiyo kiongozi afupishe njia: tukitoka Tideswell tupitie Foolow na Eyam moja kwa moja hadi Grindleford. Monsal Head ni mahali pazuri mno na mimi napapenda, lakini naafiki tupaache hadi majira ya kiangazi, mradi dakika kumi za yule wa mwisho zisiguswe.

Mwanachama wa klabu ya baiskeli,
Sheffield, Uingereza