Tusiwekewe sanamu ya kutazama tu, tupeni ya kuzungusha

Mhariri, asalam aleikum,

Kila ikizungumzwa habari ya kupamba Usita wa Pwani, hii njia ya ufukweni hapa Amu (Lamu), utasikia mtu anataka isimamishwe sanamu, mara ya nahodha mara ya punda, halafu izungushiwe seng'enge na kibao cha usiguse. Mimi naona hizo ni hela za kutupa. Kwanza mji wenyewe mnaujua, sanamu ya kiumbe karibu na misikiti haitakaa siku mbili bila maneno na wenye kusema watakuwa na haki yao. Halafu hata ikikaa, utaitazama mara ngapi? Pale Malindi kwenye mnara wa Vasco da Gama mtu anafika, anapiga selfi, anarudi zake.

Wenzetu wana vitu vinavyomtaka mpita njia atie mkono. New York, pale Astor Place, tangu 1967 kuna mchemraba wa chuma unaitwa Alamo, umesimama kwa ncha moja, mkiusukuma unazunguka. Sura ya mtu hauna, ni boksi jeusi tu, lakini ni mzito kwahivyo mtu anamwita asiyemjua, njoo tusukume. Zadar kule Kroatia nao 2005 walijenga ngazi ufukweni zina mabomba 35 ndani, wimbi likipiga hewa inasukumwa inatoa sauti na watu wamejikalia juu yake. Hiyo niliipenda, ila mkondo wetu umetulia sana, labda ichezwe na mawimbi ya maboti ya Mokowe!

Sasa sisi tuna nini? Tuna mashairi, na tuna mafundi wa kuchonga milango. Wakati wa Vita vya Shela, mwanzo wa karne ya 19, washairi wa Amu na wa Mombasa walikuwa wanajibizana kwa beti, na mpaka leo mtu akikwazwa hapa anatunga. Basi ichongwe nguzo nene ya mbambakofi, magurudumu manne yamepandana, kila moja linazunguka kivyake. Matatu ya juu yachongwe mishororo sita sita, mizani sawa na vina sawa, ukizungusha vyovyote maneno yanashikana, hesabu yake ni vianzo 216 tofauti. Gurudumu la nne liachwe tupu, lipakwe rangi ya ubao, chaki iwe pembeni, na hapo mpita njia aandike kituo, yaani mshororo wa kumalizia ubeti, mwenyewe. Lile la chaki nimeliiba kwa msanii Candy Chang, ambaye 2011 kule New Orleans aligeuza ukuta wa nyumba mbovu ukawa ubao, watu wakajaza wanayotaka kufanya kabla ya kufa. Lakini hapa kwetu vina vitakubana, huwezi kuandika upuuzi wowote tu wazee wakakuacha, utaambiwa hapohapo shairi lako linachechemea hebu futa. Na mtoto wa madrasa akimshinda babu yake kwa kituo hiyo stori italiwa wiki nzima.

Najua mji wa kale uko UNESCO tangu 2001, huwezi kuja na gogo lako ukalichimbia mbele ya Ngome bila idhini ya watu wa makumbusho, lakini si lazima iwe pale, hata jirani na jeti panatosha bora kuwe na kivuli. Msiweke ekseli ya chuma cha kawaida, hii chumvi italila mara moja, tafuteni shaba au mti mgumu, na nguzo ipakwe sifa, yale mafuta ya samaki, kama jahazi, harufu mtaivumilia. Na tafadhali kaunti msilete mkandarasi wa mbali, mafundi waliotengeneza ile dau ya Flipflopi ya taka za plastiki ikashushwa majini 2018 wako hapahapa.

Ila fundi wa kuipaka na kuikarabati kila mwaka awe kwenye bajeti tangu mwanzo, na chaki pia, mambo ya kuomba chaki kwa walimu hatutaki.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu