Wanunuzi wa insha wapo, vitabu ndivyo havipo

Bwana Mhariri,

Nipe nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wenu aliyesema majuzi kwamba vitabu vya Kiswahili visivyo vya hadithi wala vya shule havina soko, na kwamba sisi watu wa pwani hasa tunapenda kusikiliza kuliko kusoma. Mimi nauza vitabu Lamu, mtaa wa Langoni, kwenye meza iliyo kando ya Usita wa Mui, pale ambapo akipita punda mwenye shehena ya mawe huna budi kujibandika ukutani na kuomba asikukanyage. Sijui yeye soko hilo alilipima wapi. Kwangu hajafika.

Ningemwonyesha meza. Mbele nimepanga Juzuu Amma na Barzanji za kusomea maulidi, maana hizo ndizo zinazonilipia kodi. Nyuma yake vitabu vya marudio ya mtihani, kamusi, na riwaya na tamthilia zilizoteuliwa mashuleni. Upande wa baharini zimelala riwaya nene za Kiingereza ambazo watalii huziacha hotelini wakiondoka, zimevimba kwa maji ya chumvi na mafuta ya kujipaka, nazo naziuza shilingi hamsini hamsini. Vipo na vitabu vya kutajirika haraka, chapa za wizi. Vijana wanavinunua sana na bado sijamwona aliyetajirika.

Hiyo ndiyo bidhaa niliyo nayo. Ninayoulizwa ni nyingine kabisa.

Ninaulizwa Uwongozi wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Kwa wasiokijua, hicho ni kitabu cha insha. Kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, Sheikh Al-Amin alikuwa mtu wa magazeti. Alianza Mombasa na kijarida chake Sahifa, kisha mwaka 1932 akatoa Al-Islah, akiwaandikia watu wake kwa Kiswahili chao juu ya elimu, uvivu, mali inayoteketea kwa anasa, na kuwaiga Wazungu bila kuchagua. Baadhi ya makala hayo ndiyo yaliyokusanywa yakawa Uwongozi. Jina la mwanawe, Profesa Ali Mazrui, linajulikana dunia nzima, na vitabu vyake vya Kiingereza nimevikuta hata katika mizigo ya watalii. Cha baba, kilichoandikwa kwa lugha ya hapa na kuwasema watu wa hapa, nimekitafuta Mombasa na Nairobi nikachoka.

Ninayo nakala moja ya marehemu baba yangu, mgongo wake umeungwa kwa utepe. Siiuzi. Hukaa chini ya meza ndani ya mfuko wa nailoni. Alasiri, muuza kahawa anapotua dele lake na wazee wakashika viti, hapakosekani wa kusema, “Toa kile kitabu, tusomeshe.” Basi husomwa makala moja, wala haifiki mwisho kabla watu hawajashikana mashati kwa maneno. Siku tuliyosoma habari za israfu, yaani kutapanya mali, fundi cherehani alitaka ukurasa ule ubandikwe mlangoni kwa kila mwenye kuoza binti. Mwenye duka la vitambaa akamwambia, “Wewe nguo za harusi hushoni? Sheikh angekuwa hai, cha kwanza angekifunga hicho cherehani chako.” Wakacheka, wakaendelea kubishana mpaka adhana ya Magharibi. Asubuhi yake wawili kati yao walikuja mmoja mmoja, kila mtu kwa siri yake, kuniuliza bei. Ndio hao wanaosemwa hawasomi.

Mwaka 2017 nyumba ya uchapishaji ya Brill ya Leiden, Uholanzi, ilitoa tafsiri ya Kiingereza ya makala hayo ya Uwongozi. Ni kazi ya maana na walioifanya wastahili shukrani. Lakini bei yake ni ya maktaba za vyuo vikuu vya Ulaya, si ya fundi cherehani wa Langoni. Na ndiyo hali ya vitabu vyetu vingi. Khabari Lamu, tarikhi ya mji huu iliyoandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy, mwenyeji wa hapa, ilitolewa mwaka 1938 katika jarida la wataalamu la Bantu Studies, Johannesburg. Desturi za Wasuaheli za Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo zilipigwa chapa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Sambo ya Kiwandeo ya Ahmed Sheikh Nabhany, ambamo mwana huyu wa Amu, yaani Lamu, anaeleza jahazi linavyoundwa tangu mkuku mpaka tanga, ilitoka Leiden mwaka 1979. Kijiji cha Matondoni hapa kisiwani, ambako majahazi bado yanaundwa, nimemkuta fundi anayekijua kitabu hicho kwa jina tu. Aliniambia nikikipata nimuwekee, hata kama kimeliwa na mchwa. Siwalaumu wataalamu wa ng'ambo, maana bila wao huenda baadhi ya maandishi haya yasingekuwapo tena. Nawauliza wachapishaji wetu: wao wanangoja nini?

Wakiniambia wanaogopa hakimiliki, nitawajibu kwa sheria yenyewe. Hapa Kenya kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947, kwa hiyo ulinzi wa maandishi yake uliisha na mwaka 1997. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hesabu yake ikaisha 2012. Ambao muda wao haujaisha, kama Nabhany aliyetutoka mwaka 2017, warithi wao watafutwe walipwe. Wala sisemi watu watoe fotokopi. Za fotokopi naletewa kila mara na vijana wenye simu zilizojaa PDF. Hurufi zimefifia, kurasa zimerukwa, na mzee wa miaka sabini hawezi kusoma tarikhi ya mji wake kwenye kioo cha simu huku ujumbe wa wajukuu unaingia juu yake.

Na kwamba inawezekana, tumeshaona. Dar es Salaam, Mkuki na Nyota walivirudisha vitabu vya Shaaban Robert, na miongoni mwavyo Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Jamaa yangu mmoja aliniletea nakala chache za huo Wasifu katika begi lake la nguo. Niliziweka mbele, zikazitoa Barzanji mahali pake, na hazikumaliza mwezi. Walionunua karibu wote ni kina mama. Mmoja wao, mpika mahamri wa jirani, alikuja akiimba, akafungua katikati bila kuuliza bei, akasoma amesimama huku unga haujamtoka mikononi. Alama ya kidole chake ikabaki ukurasani na ikawa hana njia ila kununua. Alitaka kujua kama ni kweli Siti alikwenda mpaka Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika santuri. Nikamwambia ni kweli. Akasema, “Na mume wangu hataki niende Malindi.” Tangu hapo ananiuliza kama kuna cha mwanamke mwingine. Sina.

Upande wa siasa ndio mtupu zaidi, na huko ndiko vijana waliko. Wanafunzi wa vyuo wakirudi likizo huniuliza Kenya: Twendapi?, waraka wa kuikosoa serikali alioutoa Abdilatif Abdalla mwaka 1968 na ukamfunga miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani wanayajua, maana Sauti ya Dhiki ilitoka mwaka 1973 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Waraka wenyewe hawajauona kwa macho. Jela wanaijua, kosa hawalijui! Tena maandishi ya namna hii ni mafupi, hayahitaji karatasi nyingi. Mwalimu Nyerere aliandika Tujisahihishe mwaka 1962, kijitabu chembamba cha kuwasuta wanachama wa chama chake mwenyewe. Abiria angeweza kukifungua boti ikiondoka Mokowe, ng'ambo ya bara, na akawa anakaribia kukimaliza ikifunga gatini Lamu. Kijitabu kama hicho, cha mwandishi wetu yeyote wa zamani au wa leo, nikikiuza shilingi 150 nitapata changu na mchapishaji atapata chake.

Najua watataja gharama, na zipo. Tangu sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilipovitia vitabu katika kodi ya asilimia 16, kila kitu kilipanda, na anayeumia zaidi ni mnunuzi wa mwisho wa njia kama sisi. Katoni itoke Nairobi, ishuke Mombasa, ipande basi la Lamu, iteremshwe Mokowe, ivuke kwa boti, halafu mpagazi. Kila mkono unaoigusa unalipwa. Lakini kodi si sababu ya alichoniambia wakala wa kampuni moja ya vitabu, ambayo jina lake nalihifadhi. Nilimpigia kuagiza vitabu vya insha na historia vilivyokuwa kwenye orodha yao wenyewe. Akaniuliza ni vya shule gani. Nikamwambia si vya shule, ni vya watu. Akanyamaza, akasema huko kwetu wao hupeleka vya shule tu, na nikitaka hivyo vingine niagize kwa wingi ambao ungejaza duka langu mpaka kwa jirani. Kwa hesabu za kampuni ile, bila shaka Lamu haina msomaji hata mmoja wa insha. Haiwezi kuwa naye, ikiwa hata kimoja hakijawahi kupelekwa.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, nilimalize na hili la ufundi. Wachapishaji wetu waache kubandika vitabu kwa gundi tupu. Joto la hapa linailainisha gundi na unyevu wa bahari unamalizia. Kitabu kikifunguliwa mara tatu, kurasa ziko chini na mnunuzi yuko mlangoni kwangu. Kile cha baba, kikuukuu kama kilivyo, jalada ndilo lililong'oka, kurasa zenyewe zimeshikwa na uzi mpaka leo. Kushona ni ghali kidogo, lakini kitabu cha pwani husomwa na nyumba tatu nne. Wasitie picha nyingi wala karatasi ya kung'aa. Hiyo waachie vitabu vile vikubwa vya milango na majumba ya Lamu vinavyouzwa kwenye hoteli za Shela, kwa Kiingereza, kwa bei ambayo wenye milango hiyo hawawezi kuilipa. Sisi tunataka karatasi ya kawaida, hurufi kubwa kwa ajili ya wazee, dibaji fupi ya kueleza mwandishi alikuwa nani, na maneno ya zamani yaelezwe chini ya ukurasa, maana hata wajukuu wetu wa hapa hapa, Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kinaanza kuwapiga chenga.

Mchapishaji atakayesoma barua hii na kuona kuna jambo, asinipe mkopo, sitaki. Aniletee katoni moja ya mchanganyiko: insha, tarikhi, wasifu, vyovyote vilivyoko ghalani vinavyokula vumbi. Nitalipa nusu kwa M-Pesa siku inapopanda basi na nusu ikifika Mokowe. Akiweza, aipeleke kabla ya Maulidi ya Mfungo Sita, kwa sababu siku hizo mji hujaa wageni wa pwani nzima, na meza yangu iko kwenye njia yao ya kwenda msikiti wa Riyadha.

Wako,
Muuza vitabu,
Langoni, Lamu