Mbuzi ya nazi huko Berlin

Berlin, 14 Novemba

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu, na kisingizio sina zaidi ya baridi. Mama kaniambia mdogo wako kajifungua salama. Hongereni sana, nibusie mtoto.

Uliuliza nasoma nini hasa, maana mjomba bado anaamini historia ya sanaa ni kuchora. Hapa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, idara ya Profesa Bénédicte Savoy inafuatilia vitu vilivyochukuliwa Afrika: nani alivichukua, kwa njia gani, na sasa vimelala ghala lipi. Mwaka 2023, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dschang, huko Kameruni, walitoa atlasi ya vitu vya Kameruni vilivyomo kwenye makumbusho ya Ujerumani. Vimezidi 40,000! Makumbusho ya Linden, Stuttgart, peke yake yana zaidi ya 8,000. Vingi mgeni anayekata tiketi havioni kabisa, viko makabatini.

Kazi yangu ni ndogo. Nasoma daftari kuukuu za makumbusho fulani na kuingiza maelezo kwenye kompyuta. Safu ya aliyeleta kitu haikosi jina: luteni huyu, daktari wa jeshi yule. Safu ya aliyekitengeneza hata haikuchorwa.

Basi wiki iliyopita nikafika kwenye picha iliyoandikwa "kiti kidogo chenye chuma, Afrika Mashariki". Nikaitazama, nikaitazama tena. Mwanahawa, mbuzi! Mbuzi ya kukunia nazi, ya kukunja, sawasawa na ile ya bibi yako. Nilicheka peke yangu maktabani mpaka watu wakageuka. Kiti ni kweli, unakikalia, lakini zaidi ya miaka 100 hakuna aliyemuuliza hata mtu mmoja anayekula wali wa nazi? Kicheko kilipokwisha nikaona uchungu kidogo, sikufichi.

Jina nimelirekebisha, ila nimekwama kwenye sehemu zake. Mradi wa Digital Benin, uliofunguliwa 2022, umekusanya mtandaoni vitu zaidi ya 5,000 vya Benin ya Nigeria kutoka taasisi 131 za nchi 20, na wameweka majina ya Kiedo, lugha ya huko, tena yanasikika kwa sauti. Nami nataka hivyo hivyo. Tafadhali kaa na bibi. Kile chuma cha mbele mnakiitaje huko Lindi, ulimi au vingine? Mbao zinazopishana je? Huchongwa kwa mti gani? Mrekodi kwa simu, usiniandikie tu, nataka matamshi yake. Na umuulize kwanza kama anaridhia jina lake liwekwe, asiporidhia, basi.

Jumamosi nilikwenda makumbusho ya hapa Berlin kumwona yule mjusi wenu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa huko Lindi. Kimo chake kinapita mita 13, watoto wa shule wanampiga picha shingo zimewapinda. Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Nilisimama chini yake nikiwaza shingo zao wao.

Msalimie bibi na wote nyumbani. Sauti yake naingoja, na ukipata mtu wa kuja huku, nifungie dagaa.

Wako,
Zuhura