Redio zitupeleke Lengai

Mhariri,

Bibi yangu haoni, lakini wiki iliyopita alifika Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano karibu na Ziwa Natron. Tulikaa barazani tukasikiliza podikasti kwenye simu. Msimulizi alieleza ile lava ya ajabu: hutoka nyeusi, nyepesi kama tope la mvua, na ikishapata unyevu hugeuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo! Bibi aliniomba nirudie mara tatu pale penye upepo wa kileleni na kelele za ndege aina ya heroe wa Ziwa Natron.

Simulizi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza; nilimtafsiria sentensi kwa sentensi. Wakuu wa redio zetu, tafadhali tumeni watu wenye vinasa sauti Natron, Kondoa kwenye michoro ya miambani, hata mapango ya Amboni kule Tanga. Bibi anasubiri.

Msomaji wako,
Arusha