Barua kutoka Virginia: nani anamlipa nani?

Roanoke, Virginia

Shikamoo Baba,

Huku tu wazima. Swali lako la kwenye simu sikulijibu, maana laini ilikatika ukiwa bado unacheka. Uliuliza, katika hizo mbio za magari za Martinsville, hapa Virginia, mtu akigonga gari la mwenzake nani anamlipa nani. Hakuna, Baba. Kila timu inakusanya mabati yake inarudi nayo kwao.

Wewe ulitulea na Safari Rally pale Voi: gari linapita, vumbi linatua, ndipo linakuja jingine. Huku yanakimbia zaidi ya thelathini kwa mpigo, kwenye barabara ya mzunguko isiyofika hata kilomita moja, kona zake kali hadi diski za breki zinawaka nyekundu. Kumpita mtu bila kumgusa ni kazi. Kwa hiyo kusukumana bampa kwa bampa kumezoeleka: unamgusa katikati ya nyuma, anateleza kwenda nje, unapenya ndani. Yeye anaendelea na mbio, na deni anakuwekea. Nilichungulia gari moja baada ya mbio, mlango mzima una duara nyeusi za mpira wa tairi, utadhani limepigwa mihuri.

Ubaya ni kumnasa kwenye pembe ya nyuma kulia. Pua inageukia ukutani papo hapo, na usukani haumsaidii kitu.

Mzee mmoja wa hapa gereji alikuwepo 2015, dereva Kenseth alipolipiza kisasi kwa mwenzake Logano. Wiki mbili kabla, kule Kansas, Logano alimzungusha wakigombea uongozi. Martinsville, Kenseth yuko nyuma raundi tisa, hana tena cha kushindania, akamsindikiza Logano, aliyekuwa akiongoza, mpaka ukutani. Alifungiwa mbio mbili. Mzee anasema uwanja ulilipuka kwa shangwe, naye akiwemo, na hajutii. Tumebishana hadi chai ikapoa. Mimi nasema yule wa Kansas alitafuta ushindi. Huyu alitafuta mtu.

Wakubwa wa NASCAR, chama kinachosimamia mbio hizi, nao siwaelewi. Richmond, 2024, raundi ya mwisho, Dillon alimzungusha Logano huyohuyo, kisha akamnasa Hamlin kulekule kulia, akashinda. Ushindi wakamwachia, wakamnyima nafasi ya kuwania ubingwa ambayo ungempa. Ni kumwachia mwizi mbuzi ukamnyang'anya kamba.

Ila nisijifanye malaika. Siku ile nilipokuwa Martinsville, aliyekuwa mbele aliposukumwa, niliruka nikapiga kelele, soseji yangu yenye kabichi ikamwangukia begani mama aliyekaa mbele yangu. Alijipangusa kabichi akicheka, naye macho hayabanduki barabarani.

Pesa za kunyoosha bampa ya pikapu nimetuma kwa simu ya Mama. Yule dereva wa matatu bado anasema breki zilimkataa?

Mwanao