Kompyuta za zamani zisitupwe

Mhariri,

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama) haikidhi masharti ya Windows 11. Inauma kuona mashine nzima zikiuzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa kwa Debian 13, mfumo endeshi wa bure wa Linux, pamoja na mazingira ya eneokazi ya Xfce 4.20, au LXQt kwa anayetaka wepesi zaidi.

Andika faili la majaribio la Debian (live) kwenye flashi ya GB 8, uwashe kompyuta kutoka humo kabla hujagusa diski. Hapo utajua kama Wi-Fi inashika. Kadi za Wi-Fi za Broadcom ndizo husumbua. Ukishasakinisha, ongeza programu ya zram-tools ili data iliyo kwenye RAM ibanwe, ichukue nafasi ndogo. Kuzima “compositor” ya Xfce, yaani sehemu inayochora vivuli vya madirisha, husaidia kadi dhaifu ya picha, ila video zinaweza kukatika mistari.

Kinachomaliza RAM hasa ni kivinjari, kwa hiyo funga kurasa usizozitumia. Mashine za biti 32, yaani zenye prosesa za kizamani zaidi, zibaki na Debian 12, maana toleo la 13 halina kisakinishi chao.

Fundi kompyuta,
Morogoro